Mashuka ya Bluu

Tarehe 14 Januari

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu haraka kabla hujaanza kunilaumu kwa kuchelewa. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na yale mafua niliyoondoka nayo yamekwisha. Wewe je? Mgongo unaendeleaje? Na mwenzako wa kazi tunayemwita Redio bado anaongea tangu mnawasha pasi mpaka mnazizima?

Kazi nimeshaanza. Najua utauliza ni kazi gani, maana hata mimi siku ya kwanza sikuielewa. Tunapima jinsi watu wanavyoziona skrini za simu na televisheni. Mtu akija tunampima macho mlangoni, kwa ubao wa herufi na vile vitabu vya vidoti vya rangi. Akifaulu anakaa kwenye kiti ambacho hakisogezwi, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Kuta ni za kijivu, pazia la kijivu, hata koti ninalovaa ni la kijivu, kwa sababu rangi yoyote ya pembeni inamdanganya. Tunamwonyesha picha, naye anatoa namba. Moja ni mbaya kabisa, mbili mbaya, tatu ya wastani, nne nzuri, tano nzuri sana. Hakuna jibu la kukosea. Tunachotaka ni anavyoona yeye.

Mkuu wetu tunamwita Bwana Wastani, kwa sababu ukimwambia hata kwamba mvua imenyesha atauliza wastani wake. Lakini kazi anaijua. Siku ya kwanza alinikalisha akaniambia kwamba kabla ya kuamini rangi yoyote kwenye picha, nitafute kitu cheupe. Cheupe kikionekana cheupe, na vingine vyote ni vya kweli.

Nikuambie na jambo lililonishangaza. Wanaotulipa hawatafuti picha nzuri. Wanatafuta picha mbaya ambayo mtu hatalalamika. Kwa hiyo tunaiharibu kidogo kidogo, na mtu anakaa pale anatoa nne, nne, nne, wala hagundui. Lakini mtoe nje akanywe chai, kisha umrudishe kwenye picha ile ile, atashtuka.

Mimi ndiye msoma maelekezo. Lazima iwe sauti moja na maneno yale yale kwa kila mtu mpaka mzunguko huu wa vipimo uishe mwishoni mwa Juni. Nikiondoka katikati, kazi yote inatupwa, na mimi natupwa nayo. Nikivumilia, Bwana Wastani amesema ataniandika kazi ya kudumu. Basi usinitegemee kabla ya hapo.

Nimekutumia simu kwa mkono wa dereva wa mizigo. Ni mojawapo ya zile tulizomaliza kuzipima. Watu waliipa tatu, wakasema kamera yake inavuta kwenye njano. Itatutosha. Kila Jumapili mchana tuonane, na maneno tuandikiane kama ulivyozoea, maana mtandao unakatika na majirani zako wana masikio.

Mdogo wako.


Tarehe 6 Februari

Kwako Macho Manne,

Salamu zimefika, na mgongo nao unakusalimu. Sijambo, ila nachoka. Zamani nilikuwa napiga pasi mashuka ya nyumba nzima ya wageni ndipo nakaa, siku hizi nikimaliza ghorofa moja natafuta kiti. Nitakuwa nazeeka, wala usiniambie ulikuwa umeshaona.

Simu ni nzuri. Jumapili nimekuona. Mashavu yamejaa, namshukuru Mungu, lakini soksi juu ya birika ni za nini? Nimekulea mimi au umelelewa na ng'ombe? Na usinune kwamba kwenye simu nilikupa tatu. Nne yako nimekuwekea, utaichukua siku utakayosimama mlangoni kwangu. Tano sijawahi kumpa mtu.

Hiyo kazi yako nimemsimulia Redio kabla hajaenda likizo. Binti yake amejifungua, amekwenda kumwuguza, na chumba cha pasi kimekuwa kimya mpaka nasikia maji yakichemka. Alicheka sana. Akauliza, mtu mzima analipwa kuwauliza watu kama picha ni nzuri? Nikamwambia ndiyo, na huyo mtu mzima ni wangu. Nilipokupeleka kupimwa macho ukiwa darasa la tatu, walimu walisema wewe ni mvivu. Mimi nikasema huyu si mvivu, haoni ubao, nikakununulia miwani. Leo angalia ulipofika kwa ajili ya yale macho mabovu.

Hapa wametuletea sabuni mpya, inaniwasha vibaya. Ilianzia viganjani ikahamia nyayo, na nyayo hazifui nguo, sijui zinawashwa na nini. Chakula nacho hakina ladha. Chai naiona kama maji ya kusuuzia sufuria. Itapita.

Jilinde, vaa sweta, na hizo soksi zitoe.

Dada yako.


Tarehe 3 Machi

Dada mpendwa,

Pole na sabuni, pole na kazi. Mimi ni mzima. Soksi nimezitoa, na birika nimeliosha, usije ukaniuliza tena kwenye simu mbele ya watu. Mwenzangu wa chumba alisikia, sasa ananiita Birika.

Nikuambie kilichotokea Jumapili, maana nilitaka kucheka na wewe lakini mtandao ukakata. Ulipotokea kwenye skrini nilishtuka. Ulikuwa njano, dada, njano ya papai, uso mzima. Baadaye nikakumbuka ni ile simu. Si nilikwambia kamera yake inavuta njano? Kumbe inavuta kuliko walivyosema.

Hapa kazini tuna programu ya kurekebisha rangi, nikaiweka kwenye kompyuta ninayokupigia. Ina mshale mmoja, ukiusogeza huku picha inakuwa njano, ukiusogeza kule inakuwa bluu. Nikafungua na ile picha yako ya siku niliyomaliza chuo, ile uliyovaa kitambaa cheupe kichwani, nikaiweka pembeni. Nikawa nasogeza mshale taratibu mpaka uso wako wa Jumapili ukafanana na wa kwenye picha. Uliporudi kuwa wewe nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu. Sasa kila Jumapili nakuona vizuri kabisa, kama umeketi mbele yangu.

Yale mashuka ya bluu uliyotundika nyuma yako ni mapya? Yanakupendeza.

Kula, hata kama hakina ladha.

Mdogo wako.


Tarehe 25 Machi

Kwako mtaalamu wangu,

Habari za huko? Huku tunakwenda. Barua yako nimeisoma mara mbili nikacheka mpaka ubavu ukaniuma, ingawa siku hizi ubavu wa kulia unauma hata nisipocheka.

Mashuka ya bluu nitayatoa wapi? Yale ni ya nyumba ya wageni, nayaleta nyumbani kuyashona pindo. Ni meupe, hakuna kitu cheupe kuliko yale humu ndani. Kumbe na wewe huko unatia buluu kama sisi. Shuka likizeeka likaanza unjano, tunatia buluu kidogo kwenye maji ya mwisho, na mgeni anadhani jipya. Shuka lenyewe liko vile vile, limechoka, lakini nani atauliza? Basi umenitia buluu, nimekuwa mpya. Endelea.

Redio amerudi. Aliingia na kelele zake mlangoni, akaniona, akanyamaza. Wewe unajua Redio hajawahi kunyamaza. Akanishika kidevu akanigeuzia dirishani, akasema, "Mbona macho yako yamekuwa ya njano hivi?"

Nikamwambia, "Hiyo ni simu. Mdogo wangu ameshanieleza."

Akasema, "Mimi si simu."

Tukawauliza wenzetu wa jikoni, wakasema hawaoni tofauti yoyote, niko kama siku zote. Lakini Redio ameshikilia. Anasema na nguo zimenipwaya, na hapo ana haki, sketi ya kazi naifunga kwa pini. Nimemwambia nitakuuliza wewe. Huyu anayenisumbua ana macho mawili tu, wewe una manne.

Dada yako, wa njano au wa bluu, chagua mwenyewe.


Tarehe 12 Aprili

Dada,

Nimefurahi kuona bado unanitania, maana yake uko salama. Mimi ni mzima, ila kazi ni nyingi, nasoma yale maelekezo mpaka nayaota.

Kuhusu Redio, usimkasirikie. Anachokiona kinaelezeka. Chumba chenu cha pasi kina zile balbu za zamani, nazikumbuka, nilikuwa nafanyia hesabu zangu za shule chini yake. Mwanga wake wenyewe ni wa njano. Ninyi mnaofanya kazi humo kila siku macho yameshazoea, hayaoni kitu. Yeye amekaa wiki nyingi kwa binti yake, juani, ameingia humo ghafla. Lazima aone kila kitu njano. Ni kama wale watu wetu tunaowatoa kunywa chai. Mpe siku chache, macho yake yatatulia naye atakuona kama wengine wanavyokuona.

Na mashuka kuwa bluu kwangu ni sababu ya ule mshale. Usijali, mimi naangalia uso.

Kuwashwa na kukosa hamu ya kula ni uchovu na hiyo sabuni. Waombe wakupe kazi ya kukunja badala ya kufua. Ukipata nafasi pita zahanati wakupe dawa ya ngozi.

Bwana Wastani amenisifu mbele ya wote. Anasema sijawahi kubadilisha neno hata moja. Dada, nikipata kazi hii utaacha pasi. Nitakupangia nyumba yenye dirisha kubwa, ukae, uniagize tu.

Mdogo wako.


Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima. Mimi leo nitaandika bila utani, univumilie.

Redio amenipeleka zahanati kwa nguvu. Nilidhani tunakwenda kuomba dawa ya ngozi. Muuguzi alinivuta kope la chini, akamwita daktari. Daktari akanibonyeza tumbo upande wa kulia, akaniuliza mkojo ukoje. Nikaona aibu, lakini nikasema kweli, ni kama chai ya rangi. Akasema njia ya nyongo imeziba, na kinachoiziba hakijui. Ameniandikia niende hospitali kubwa, nisikawie, na niende na ndugu, kwa sababu huenda wakanipasua.

Naogopa. Sitakuficha. Mama aliingia pale kwa miguu yake, akiwa amebeba mkoba wake mwenyewe, nawe ulikuwa mgongoni kwangu. Mkoba ndio tuliorudi nao. Tangu siku hiyo sijapita hata barabara ile, nazunguka.

Redio anasema twende naye hata kesho. Nimemwambia Redio si ndugu, akalia. Nimekosea, najua, lakini nilitaka kitu cha kujishikiza. Nikamwambia daktari wa zahanati amekaa na mimi muda wa kunywa maji, na mdogo wangu ananiona kila Jumapili, na kazi yake ni kuona. Sasa nakuuliza wewe, na utakavyosema ndivyo nitakavyofanya. Ukisema niende, nitakwenda na Redio, na nitapita barabara ile ile. Mimi ni njano au si njano?

Nijibu upesi.

Dada yako.


Tarehe 17 Mei

Dada yangu,

Barua yako ilinitoa jasho. Nilikaa nayo chooni kazini, nikaisoma, nikasoma tena. Niliogopa kama wewe. Lakini nikajiambia, usijibu kwa woga, jibu kwa kazi unayoijua.

Nikafungua picha ya Jumapili iliyopita nikaitazama kwa utulivu. Nikaona ni wewe. Umepungua kidogo mashavuni, hilo nakubali, lakini rangi ni yako. Bado nikasema huenda upendo unanidanganya, maana sisi tunafundishwa kwamba mtu hapimi kitu chake mwenyewe. Basi nikafanya hivi. Nikaiweka picha yako katikati ya picha za kazi, bila kumwambia mtu. Watu wote walioketi kwenye kiti wiki hiyo wakakupima, mmoja baada ya mwingine, watu wasiokujua, wenye macho yaliyofaulu ubao na vidoti.

Wamekupa nne, dada. Wastani wako ni nne. Kuna mama mmoja alikupa tano.

Kwa hiyo tulia. Simpingi daktari, hospitali tutakwenda, lakini si lazima uende peke yako na hofu yako wakati mimi namaliza mwisho wa Juni. Nisubiri. Nitakuja na kazi ya kudumu mkononi, nitakushika mkono, tutapita ile barabara wote wawili. Mpaka hapo kunywa maji mengi, pumzika, na umwombe radhi Redio.

Mdogo wako anayekupenda.


Tarehe 4 Juni

Kwako Macho Manne,

Salamu. Samahani kwa mwandiko, kalamu inanikimbia siku hizi.

Jibu lako limenipa usingizi. Nne, na watu wasionijua. Nilimsomea Redio barua yote. Nilidhani atacheka. Alinyanyuka akazima pasi yake, akatoka nje, na tangu siku hiyo anafanya kazi bila kusema. Wageni wanauliza kama tumefiwa. Radhi nimemwomba, ameipokea kwa kuinamisha kichwa.

Zahanati walimtuma mtu kuniulizia. Nikamwambia ndugu yangu anakuja mwisho wa mwezi, kila kitu kimepangwa. Akaniangalia, akaniuliza ndugu mwenyewe anajua? Nikamwambia anajua kuliko wewe.

Jumapili hizi mbili usinipigie. Kukaa nimenyooka kunanichosha, na simu nikiishika mkono unatetemeka, utaona paa tu. Kazini wamenipa ruhusa. Nalala upande wa kushoto, napata nafuu. Mashuka mawili niliyokuwa nashona pindo nimeyatandika kwangu, nitayarudisha, usimwambie mtu.

Kuwashwa ndiko kunakonimaliza. Nimejikuna mpaka nimevaa soksi mikononi. Kumbe soksi zina kazi nyingi, nakuomba radhi kwa ya birika.

Nahesabu wiki zako. Nakusubiri kama tulivyokubaliana.

Dada yako.


Tarehe 19 Juni

Dada, nenda hospitali. Usimalize kusoma barua hii, mwite Redio mwende.

Nimekupigia tangu asubuhi, simu imezimwa. Namba ya Redio sina, namba ya nyumba ya wageni haipokelewi. Barua hii namkabidhi dereva wa mizigo anayeondoka sasa hivi. Mimi napanda basi la jioni. Mzunguko nimeuacha, bado kidogo tu uishe, na sijali.

Nikueleze, maana una haki. Kwa kuwa Jumapili hatukuonana, nilikuwa nimefungua picha yako ya mwezi wa tano wakati wa chakula, niitazame tu. Bwana Wastani akapita nyuma yangu. Akauliza huyu nani, nikamwambia dada yangu. Akasema, "Mbona mashuka yake ni ya bluu?"

Nikasema ni meupe, ila nimerekebisha picha kwa sababu simu inavuta njano. Nilikuwa bado nazungumza nikasikia ninachosema. Simu ikivuta njano, inavuta kila kitu. Uso unakuwa njano na shuka linakuwa njano. Ukirekebisha, shuka linarudi kuwa jeupe. Mtoto wa wiki ya kwanza kazini anajua hilo. Mimi mwenyewe nimewaeleza watu hilo.

 Yeye alishika kipanya, akaurudisha ule mshale taratibu mpaka shuka likawa jeupe, akaacha hapo. Kisha akatoka akafunga mlango. Nikabaki na wewe. Dada, hukuwa njano ya simu. Ulikuwa njano tangu mwezi wa tatu, na mimi kila Jumapili nilikuwa nakutia buluu.

Nenda. Usinisubiri.

Mdogo wako.


Tarehe 21 Juni, asubuhi

Dada,

Niko nje ya wodi yako, kwenye benchi la ukumbini. Mwanamume haruhusiwi kuingia wodi ya wanawake mpaka saa ya kuona wagonjwa. Redio ameketi pembeni yangu. Yeye wanamruhusu, ndiye atakayekuletea karatasi hii.

Nilifika nyumbani nikakuta mlango umefungwa. Jirani akaniambia Redio alikuleta hapa juzi, ulipoanguka. Barua yangu bado iko kwa dereva, nimeitangulia. Kwa hiyo hujui ninachojua, na siwezi kuingia humo kabla hujakijua. Hukuwa mzima hata siku moja tangu mwezi wa tatu. Simu haikuwa na kosa la kukufanya hivyo. Niliisogeza rangi mpaka nikapata uso ninaoutaka, na shuka likawa bluu mbele ya macho yangu, na uliniambia kwa mkono wako kwamba ni jeupe. Uliniuliza swali moja. Nikakujibu kwa wastani.

Daktari wa hapa nimeonana naye. Amesema wangekupasua kama ungefika mwezi wa nne, hata wa tano. Sasa kilichoziba kimeshaenea. Watakupa dawa ya maumivu na ya kuwashwa. Nilimwuliza kama ana hakika, akaniuliza mimi ni daktari wa nini.

 Redio amenipa nusu ya mkate wake, nimeushika tu.

Nisamehe. Sijui nikuombe vipi.

Mdogo wako.


Tarehe 21 Juni

Wewe,

Acha kulia kwenye ukumbi, wagonjwa wa watu watadhani mambo yao yameharibika. Kula huo mkate, Redio hagawi chakula ovyo.

Nimesoma. Mengine nilikuwa nimeshayajua. Soksi nilizovaa mikononi zilikuwa nyeupe, nikizivua naona mkono ulivyo njano kando yake. Lakini ulisema nne, nami nilikuwa naitaka sana hiyo nne, kuliko hata kupona. Woga ulikuwa wangu, usiubebe wote.

Hapa hakuna kioo, na Redio hanijibu, analia. Nataka kusikia kwa mtu mmoja mwenye ukweli. Saa ya kuona wagonjwa ukiingia, simama penye dirisha, niangalie, uniambie nikoje. Bila mshale.

Dada yako.


Tarehe 21 Juni, jioni

Dada,

Nimetoka kwako sasa hivi. Nimesimama penye dirisha kama ulivyosema, na mdomo ukagoma. Nimekushika mguu, nimekusogezea mto, nimekuuliza hali kama mgeni. Wewe ukaningoja, mpaka kengele ikalia wakatutoa. Sasa naandika kile nilichotumwa.

Ni njano, dada. Uso, macho, viganja, mpaka chini ya kucha. Na shuka ni jeupe.

Mdogo wako.


Tarehe 22 Juni, asubuhi

Mdogo wangu,

Salamu za asubuhi. Nimeamka.

Basi simu ni nzima. Mpe Redio, awe anamwona mjukuu wake. Hayo mashuka mawili yarudishe nyumba ya wageni, yafue kwanza, na buluu usitie.

Usidhani sikukuona jana. Uliingia ukavua miwani, ukajifanya unaifuta kwa shati mpaka kengele ikalia. Leo uje nayo usoni. Nne yako bado nimeiweka.

Dada yako.